Pembe Mbele ya Sheria

Pembe mbili nzito kuliko zote zilizowahi kupimwa duniani zilitoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Zikiwekwa pamoja kwenye mizani zinakaribia kilo 200. Zilishushwa pwani, zikavushwa hadi Unguja, zikauzwa, na leo ziko London katika jumba la makumbusho. Kinachoshangaza ni tarehe yake. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1896, Gavana Hermann von Wissmann alikuwa ameshatoa amri ya kulinda wanyamapori katika Afrika Mashariki ya Kijerumani: anayetaka kuwinda akate leseni, na yako maeneo ambayo haruhusiwi kuwinda kabisa. Mapori mawili ya kwanza yaliyotengwa chini ya amri hiyo yalikuwa moja Rufiji, na jingine upande wa magharibi wa mlima huohuo wa Kilimanjaro.

Kwa hiyo sheria ilikuwapo, mlima ulikuwapo, na yule tembo mwenye pembe nzito kuliko zote alikufa kama kawaida. Anayetaka kuelewa miaka zaidi ya 100 ya sheria za tembo katika nchi zetu aanzie hapo, kwenye umbali uliopo kati ya karatasi ya gavana na mizani ya sokoni Unguja.

Soko hilo lilikuwa kongwe kuliko dola yoyote iliyojaribu kulitawala. Baharia wa Kigiriki aliyeandika habari za pwani yetu karne ya kwanza alitaja pembe miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Rhapta. Kufikia karne ya 19 Unguja ilikuwa ndiyo bandari kuu ya pembe duniani. Wafanyabiashara walizipima kwa frasila na kuzipanga kwa ukubwa, kalasha huku, buri kule, maana kila aina ilikuwa na mnunuzi wake. Za kuchonga bangili za maharusi zilikwenda Bombay. Laini za vinanda na mipira ya biliadi zilikwenda London na Connecticut, Marekani, ambako mji mzima ulijiita Ivoryton kwa sababu ya viwanda vyake vya pembe. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alijijengea himaya hadi ndani kabisa ya Kongo kwa bidhaa hiyo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba mabegani mwendo wa miezi hadi Bagamoyo. Misafara ilizidi kusogea magharibi mwaka hadi mwaka kwa sababu moja tu: kila ilipopita, tembo walikwisha.

Wakoloni waliliona hilo na likawatia hofu, ingawa si kwa ajili ya tembo peke yake. Tarehe 19 Mei 1900 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia na Dola Huru ya Kongo walitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Hakukuwa na Mwafrika mezani. Mkataba ulitaka leseni, misimu ya kufunga uwindaji na mapori ya akiba, na ulikataza pembe za watoto wa tembo zenye uzito chini ya kilo 5. Lakini mkataba huohuo ulikuwa na orodha nyingine, ya wanyama ambao idadi yao ilitakiwa kupunguzwa. Humo alikuwamo simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, na ndege wengi wanaokula nyama. Mayai ya mamba yalitakiwa kuharibiwa. Aliyepewa ulinzi ni mnyama mwenye nyara ya kutundika ukutani. Aliyemla huyo mnyama akawekwa upande wa wahalifu.

Mkataba haukuwahi kuanza kutumika, kwani wengi waliotia saini hawakuuridhia. Roho yake hata hivyo iliingia katika sheria za makoloni, na ndani ya sheria hizo ilikaa tofauti moja ambayo wazee wa vijijini hawakuhitaji wakili awafafanulie. Mwenye fedha ya leseni aliitwa mwindaji. Asiyekuwa nayo aliitwa jangili. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu Ikulu ya Marekani, alishuka Mombasa na msafara mkubwa wa wapagazi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wakiwamo tembo 11 na faru 20, na ngozi zikapelekwa makumbusho ya Washington kwa heshima zote. Huko kusini, Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeua tembo wengi kupita kiasi enzi za ujana wake, alipigwa risasi na askari wa Kijerumani pale Beho Beho Januari 1917. Waingereza walipochukua nchi, mwaka 1922, pori la akiba la Rufiji likapewa jina lake.

Pori hilo la Selous lilikua kwa njia ambayo vitabu vya watalii huipitia haraka. Ukanda wa kusini ulikuwa umepigwa na Vita vya Maji Maji, njaa iliyofuata, kisha Vita Kuu ya Kwanza. Watu walipopungua vichaka vilirudi, na vichaka viliporudi tembo walirudi navyo. Miaka ya 1940 serikali ikawahamisha maelfu ya wakazi wa Liwale kwa sababu ya malale, ugonjwa wa mbung'o, na ardhi waliyoiacha ikaunganishwa na pori. Leo mgeni akisimama pale huambiwa kuwa hii ni nyika ambayo haijaguswa na mtu. Kuna miembe inayoweza kumjibu.

Mpaka ule wa sheria kati ya mwindaji na jangili haukuumiza watu popote kama Tsavo. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na ndani yake na pembezoni waliishi Wata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Hawa walikuwa watu wa tembo. Walitumia upinde mrefu ambao wageni wengi wenye misuli walishindwa kuuvuta hadi mwisho, na mishale iliyopakwa sumu nyeusi, iliyochemshwa kutoka kwa mti hadi ikawa kama lami. Kichwa cha mshale kilifungwa ngozi ili sumu isikauke wala isimkwaruze mwenyewe njiani. Mwindaji alinyemelea hadi hatua chache kutoka kwa tembo, akalenga tumbo, kisha akafuata nyayo hadi mahali mnyama alipoanguka. Nyama ililiwa, pembe ikauzwa pwani kwa wafanyabiashara wale wale ambao babu zao walikuwa wakinunua tangu zamani.

Mwaka 1956 na 1957 David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, aliongoza kampeni kali ya kuwasaka. Vikosi vya askari, wengi wao wakiwa wafuatiliaji hodari wa nyayo kutoka makabila ya kaskazini, viliwafuata hadi majumbani. Wanaume wengi wa Kiwata walifungwa, na ufundi wa vizazi ukageuka kuwa kosa la jinai katika misimu miwili. Lazima niseme kwamba kampeni ilifanikiwa: uwindaji Tsavo ulipungua sana. Baadaye, mwaka 1960, ulianzishwa mpango huko Galana wa kuwaruhusu Wata wavune tembo kihalali, lakini watu waliozoea kumfuata mnyama kwa miguu wakajikuta vibarua katika mradi wa serikali, na haukuleta ahueni iliyotarajiwa. Wachuuzi wa pembe wa pwani hawakusumbuliwa vile. Nani awasumbue, na wao walikuwa na leseni?

Uhuru ulipokuja, viongozi wapya hawakuzifuta sheria hizo. Julius Nyerere alitoa Tamko la Arusha la Septemba 1961, hata kabla bendera haijapandishwa, akiahidi kwamba Tanganyika italinda wanyama wake na kuomba msaada wa mataifa. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kufundisha Waafrika kazi ya kusimamia wanyamapori, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya Wazungu. Kenya nayo ilikuwa na kisa chake, ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Kule Marsabit aliishi tembo mmoja aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda kwa jina lake. Amri ya rais kwa ajili ya mnyama mmoja! Askari walipangiwa zamu, usiku na mchana, kumfuata alikokwenda. Ahmed alikufa kifo chake cha kawaida mwaka 1974, pembe zake zikapimwa kilo 67 kila moja, na mfano wake umesimama hadi leo uani kwenye Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Wakati askari wakimlinda Ahmed, wenzake walikuwa wakianguka kwa maelfu. Makadirio ya mwaka 1973 yaliipa Kenya tembo 167,000. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000. Ukame wa 1970 na 1971 ulikuwa umeua maelfu Tsavo, lakini kazi kubwa ilifanywa na bunduki. Bei ya pembe duniani ilipanda mara nyingi katika muongo ule, bunduki za kivita zikaenea kutoka kwenye migogoro ya jirani, na katika magazeti ya Uingereza yakaandikwa mambo ya aibu kuhusu wakubwa wa Nairobi wenyewe. Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977 na biashara ya nyara mwaka uliofuata. Maduka ya vinyago vya pembe yalifungwa mitaani. Kule porini risasi ziliendelea.

Tanzania, ambayo ilikuwa imetunga Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, ilikuwa na jeraha kubwa zaidi kwa sababu ilikuwa na kingi cha kupoteza. Hesabu ya angani ya mwaka 1976 iliikuta Selous na eneo linaloizunguka na tembo wapatao 109,000. Mwaka 1989 walihesabiwa wasiozidi 30,000.

Kufikia hapo dunia ilikuwa na sheria ya aina nyingine. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973 na kuanza kazi Julai 1975. Unafanya kazi kwa viambatisho. Kilichomo Kiambatisho cha Kwanza hakiuzwi kibiashara kati ya nchi na nchi. Kilichomo cha Pili kinauzwa kwa vibali. Tembo wa Afrika aliwekwa cha Pili mwaka 1977, na baadaye kila nchi ikapewa kujipangia kiasi cha pembe inachouza. Penye kibali pana mhuri, na penye mhuri pana mtu wa kuugonga.

Ushahidi wa jinsi mfumo ule ulivyooza ulitoka Burundi, nchi ambayo kwa vitendo haikuwa na tembo. Miaka ya 1980 Bujumbura ilikuwa kituo kikuu cha kusafirisha pembe. Zilitoka Tanzania na Zaire, zikavushwa mpakani au ziwani, zikapata karatasi za Burundi, zikapanda ndege. Mwaka 1986 CITES ikaamua kusajili shehena zote zilizokuwa maghalani ili kuanza ukurasa mpya. Burundi ikasajili karibu tani 90, na Singapore, ambako tembo wa mwituni hawako, mamia ya tani. Kwa kugongwa mhuri mmoja, pembe za maelfu ya tembo waliouawa kinyume cha sheria zikawa mali halali, na waliozihodhi wakatajirika kwa usiku mmoja. Sijui kama kuna sheria ya wanyama iliyowahi kumzawadia jangili waziwazi kiasi hicho.

Dar es Salaam haikustahimili zaidi. Katikati ya mwaka 1989 serikali ilianzisha Operesheni Uhai, ikiunganisha jeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na mamia ya watu walikamatwa pamoja na silaha zao. Wakati huohuo Costa Mlay, Mkurugenzi wa Idara ya Wanyamapori, alikuwa akiandaa jambo kubwa zaidi. Tanzania ndiyo iliyotangulia kupeleka CITES pendekezo la kumhamishia tembo Kiambatisho cha Kwanza, na Kenya pamoja na nchi nyingine zikajiunga. Fikiria uzito wa hatua hiyo: nchi maskini yenye pembe nyingi kuliko nyingi nyinginezo inaomba dunia iifungie soko.

Kenya ikaongeza moto, na ulikuwa moto kweli. Tarehe 18 Julai 1989, katika Hifadhi ya Nairobi, Rais Daniel arap Moi alishika mwenge na kuwasha lundo la tani 12 za pembe. Pembe haishiki moto kirahisi, kwa hiyo lundo lilikuwa limeandaliwa kwa kemikali na mafuta ili lisije likamfedhehesha mheshimiwa mbele ya kamera. Richard Leakey, aliyekuwa amekabidhiwa idara ya wanyamapori miezi michache tu nyuma, alijua picha hiyo ingefika mbali kuliko hotuba yoyote. Oktoba mwaka huo, mjini Lausanne, Uswisi, wajumbe walipiga kura: 76 wakaunga mkono, 11 wakapinga. Nchi za kusini mwa Afrika zilikasirika, zikidai tembo wao ni wengi na wanaadhibiwa kwa uzembe wa Mashariki. Uingereza nayo iliiombea Hong Kong miezi 6 ya kumaliza shehena zake.

Marufuku ilianza Januari 1990 na kwa muda ilitenda kazi ambayo mabunduki yalishindwa kutenda. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliipa pembe kisogo, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1990 tembo wa Kenya na Tanzania wakaanza kuongezeka.

Lakini maghala ya serikali hayakuwa matupu. Tembo hufa kwa uzee pia, na nyara zinazokamatwa lazima zihifadhiwe mahali. Mwaka 1997 mkutano wa Harare ukazirudisha Botswana, Namibia na Zimbabwe Kiambatisho cha Pili. Mwaka 1999 zikauza Japani karibu tani 50, na mwaka 2008, Afrika Kusini ikiwa imeongezeka, zaidi ya tani 100 zikauzwa China na Japani. Wataalamu wanabishana hadi leo kama mauzo hayo ndiyo yaliyoamsha tena ujangili. Binafsi naona kwamba pembe halali ilipokwisha kuingia dukani Beijing, mnunuzi hakuwa na njia ya kuitofautisha na ya wizi, na muuzaji hakuwa na haja ya kumsaidia.

Kisha, Machi 2010, likatokea ambalo Costa Mlay asingelitarajia. Kwenye mkutano wa CITES huko Doha, Tanzania ileile ya Lausanne ilisimama kuomba tembo wake washushwe Kiambatisho cha Pili ili iuze karibu tani 90 za pembe zilizokuwa ghalani. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Fedha ingeingia kwenye uhifadhi, na kulinda ghala ni gharama. Kenya ilipinga vikali, jirani kwa jirani, na ombi halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Wakati wajumbe wakibishana kuhusu tani za ghalani, tani nyingine zilikuwa zikikatwa porini. Hesabu ilipotangazwa mwaka 2015 ilionyesha Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009 na 43,330 mwaka 2014. Vipimo vya vinasaba vilivyofanywa na timu ya mwanasayansi Samuel Wasser kwenye shehena zilizokamatwa ughaibuni vilielekeza kidole kusini mashariki mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji.

Novemba 2013 polisi waliingia katika nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam, wakawakuta raia wa China watatu na vipande 706 vya pembe. Vilikuwa vikifungwa pamoja na vitunguu saumu na magamba ya konokono, ili harufu iwapoteze mbwa na wakaguzi bandarini. Mikocheni ni mtaa wa watu wa heshima, wenye mageti na walinzi. Hakuna Mwata hata mmoja aliyewahi kupeleka pembe huko.

Msako huo ulikuja katika kipindi cha Operesheni Tokomeza, kampeni ya serikali dhidi ya majangili, na ikaonekana upesi upande gani wa sheria ulikuwa mwepesi kuvunjika. Vijijini malalamiko yalizidi: watu kupigwa, kuteswa, kudhalilishwa, mifugo kuuawa, nyumba kuchomwa, na baadhi ya waliokamatwa kufa. Bunge likaipa kamati iliyoongozwa na mbunge James Lembeli kazi ya kuchunguza. Ripoti yake iliposomwa Desemba 2013, mawaziri wanne waliondoka serikalini kwa usiku mmoja: Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo. Operesheni yenyewe ilikuwa imeshasimamishwa.

Kilichofuata kilikuwa cha kimyakimya zaidi, nacho kilizaa matunda. Badala ya kuzingira vijiji, kikosi maalumu kilifuata fedha na simu hadi kwa wanunuzi. Yang Fenglan, aliyesoma Kiswahili Beijing na kuja Tanzania miaka ya 1970 kama mkalimani wa ujenzi wa TAZARA, na baadaye akawa na mgahawa wake jijini, alihukumiwa na Mahakama ya Kisutu Februari 2019 kifungo cha miaka 15 kwa biashara ya pembe zaidi ya 800. China yenyewe ilikuwa imefunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Kenya ilikuwa imepitisha sheria ya mwaka 2013 yenye kifungo cha maisha, na Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta akachoma tani 105. Tanzania haikuchoma.

Baadaye serikali ilitaja tembo zaidi ya 60,000, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo wamerudi pia mahali ambapo hawakuonekana kwa miaka, na shauri limehamia mashambani. Kanuni za mwaka 2011 zilitoa kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa, kwa ekari zisizozidi 5. Kiasi cha kifuta jasho kilipimwa kwa umbali: shamba likiwa zaidi ya kilomita 5 kutoka mpaka wa hifadhi ekari ilikadiriwa shilingi 100,000, na kadiri lilivyousogelea mpaka ndivyo malipo yalivyopungua, hadi 25,000. Mkulima wa jirani kabisa na hifadhi, ambaye tembo humfikia wa kwanza, ndiye aliyepata kidogo kuliko wote.